Msimamizi yuko Dar, mimi niko Newala: chuo kinanidai au nakidai?

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Newala, nasoma shahada ya uzamili ya elimu kwenye chuo kimoja cha Dar es Salaam. Masomo ya darasani nilishamaliza, nimebaki na tasnifu. Mada yangu ni utoro wa wanafunzi wakati wa msimu wa korosho. Andiko la utafiti nililituma kwa msimamizi mwezi wa tatu, na hadi sasa mwezi wa nane najibiwa tu "nitaliangalia". Wenzangu walioko Dar wanahudhuria semina na mafunzo ya takwimu, mimi nayaona kwenye picha za grupu. Kuna kijana wa steshenari hapa mjini anasema ataniandikia sura tatu za kwanza kwa bei nzuri. Je, chuo kina wajibu gani kwangu nikiwa mbali hivi? Na nikimaliza, digrii hii itanifikisha wapi zaidi ya kupanda daraja?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Nianze na huyo kijana wa steshenari, maana ndiye hatari ya karibu. Mwache aendelee kuchapa mitihani na kadi za harusi. Sura atakazokuandikia utazitetea wewe mbele ya jopo la watahini, na swali la kwanza la jopo huwa jepesi tu: kwa nini umechagua shule hizi na si zile? Asiyeandika mwenyewe hukwama hapo hapo. Isitoshe, siku hizi wengi wa hao waandishi wa kukodi huzitoa kazi kwenye programu za akili mnemba, na programu hizo zina tabia ya kutunga marejeo: jina la mwandishi utalikuta, la jarida utalikuta, makala yenyewe haipo popote. Mtahini aliyezama kwenye fani yake hahitaji hata saa moja kuligundua hilo. Ukibainika, unaweza kupoteza shahada hata kama ulishavaa joho. Hiyo pesa iweke ya nauli na bando.

Tuje kwa msimamizi. Miezi mitano kwa andiko ni mingi, sitamtetea. Lakini hebu tazama barua pepe unayomtumia. Ninazozipokea mimi toka kwa wanafunzi walio mbali karibu zote zinafanana: "Shikamoo Prof, nimeambatisha andiko langu, naomba ulipitie." Chini yake faili la kurasa arobaini. Mtu anaifungua kwenye simu akiwa kwenye kikao, anaona inadai siku nzima, anajiambia ataiangalia wikiendi. Wikiendi ina mitihani ya kusahihisha. Baada ya wiki mbili barua yako iko chini ya nyingine mia.

Barua inayojibika ina sura nyingine. Mwandikie hivi:

"Shikamoo Mwalimu. Ni fulani, namba ya usajili kadhaa, mada ni utoro wa msimu wa korosho Newala. Nimeambatisha kurasa sita tu: tatizo la utafiti na maswali yake. Naomba uamuzi wako kwa mambo mawili. Kwanza, nibaki na kidato cha pili peke yake au nichukue na cha tatu? Pili, rejista za mahudhurio za miaka mitatu zinatosha, au nihoji na wazazi? Nikisubiri maelekezo yako, naendelea na sura ya tatu kwa kuchukua kidato cha pili na rejista pamoja na wazazi wachache. Nitakupigia Alhamisi saa nane mchana."

Ile sentensi ya "naendelea" ndiyo yenye dawa. Hujasimamisha kazi kumsubiri, na yeye akiona unaelekea kubaya atakuzuia upesi, kwa kuwa kumzuia mtu ni kazi ya dakika mbili. Alhamisi ukipiga na mkaongea, usiku huo huo tuma mistari mitano: tumekubaliana hivi, nitaleta hiki tarehe hii, wewe umeahidi kile. Usiogope kwamba utaonekana unamwekea mtego. Msimamizi mwenye wanafunzi wengi hushukuru kukumbushwa alichosema. Na kama mambo hayatakwenda, mistari hiyo ndiyo itakayokusemea.

Sasa wajibu wa chuo. Kila chuo chenye shahada za uzamili kina kanuni zake kwa maandishi, na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ina mwongozo wa viwango unaovibana vyuo vyote, uliotolewa 2019. Kitafute kitabu cha kanuni za uzamili cha chuo chako kwenye tovuti yao, ukisome kama unavyosoma mkataba. Utakuta mambo ambayo wenzako walioko Dar nao hawayajui: muda wa chini na wa juu wa programu, nani anateua msimamizi na nani anaweza kumbadilisha, kazi yako irudishwe ndani ya muda gani, na fomu ya taarifa ya maendeleo inayotakiwa kujazwa kila kipindi na mwanafunzi pamoja na msimamizi wake.

Fomu hiyo wengi huijaza kama kadi ya mahudhurio. Kwenye nafasi ya "changamoto" wanaandika "hakuna", wanasaini, wanatuma. Kisha baada ya miaka miwili wanalalamika kwamba chuo hakikuwajali. Chuo kitajua vipi, wakati faili linasema hakuna tatizo? Wewe andika ukweli bila ukali: andiko liliwasilishwa Machi, mrejesho haujapatikana hadi Agosti, naomba msaada wa idara. Hapo jambo limetoka kwenye simu zenu wawili na kuingia kwenye faili la ofisi.

Kama fomu haikuzaa kitu, panda ngazi kwa utaratibu wake. Mkuu wa idara kwanza, au mratibu wa uzamili wa idara kama yupo, na huyu mara nyingi ndiye mwenye msaada kuliko wote kwa sababu takwimu za wanaochelewa kumaliza zinamwangukia yeye. Kisha kamati ya uzamili ya kitivo au ndaki, kisha kurugenzi ya masomo ya uzamili. TCU usianze nayo. Watakuuliza umepita wapi. Na wakati wote huo hakikisha umejisajili kila mwaka wa masomo hata kama huna darasa. Nimeona watu wenye malalamiko ya haki kabisa wakashindwa kusikilizwa kwa kuwa kwenye mfumo walikuwa si wanafunzi tena. Ukizidiwa na maisha, mgonjwa nyumbani au ujauzito, omba kuahirisha masomo rasmi. Kuahirisha husimamisha saa; kunyamaza hakuisimamishi.

Kwa hali yako, badala ya kuomba kubadilishiwa msimamizi, ningeomba kuongezewa wa pili. Kubadilisha huacha kinyongo na hukurudisha mwanzo. Msimamizi mwenza aliye karibu nawe ni jambo ambalo kanuni nyingi zinaruhusu, mradi awe na sifa na chuo kimpitishe. Mtwara mjini kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris, chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT), kinachofundisha walimu. Nenda na kurasa zako sita mkononi, ulizia mwenye shahada ya uzamivu (PhD) ya elimu ambaye mada yako inamgusa, kisha jina lake ulipeleke kwa mkuu wa idara kama ombi.

Hizo semina za kwenye picha nazo ni zako, ada umelipa kama wao. Tangu 2020 vyuo vilizoea vikao vya mtandaoni, kwa hiyo mwandikie mratibu ukiomba mambo matatu kwa majina: kiungo cha semina za uzamili, rekodi kama zipo, na nywila ya kuingia maktaba ukiwa nje ya kampasi. Hilo la tatu lina thamani kuliko yote. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyofunguliwa 2018 ina viti zaidi ya 2,000, lakini kwako wewe uliyeko Newala haina hata kimoja. Unachohitaji ni mlango wake wa mtandaoni. Kupitia mpango wa Research4Life, taasisi za nchi kama yetu hupata bure maelfu ya majarida ambayo mtu binafsi angelipia dola kwa kila makala, ila mlango huo hufunguliwa kwa nywila ya chuo, mwanafunzi mmoja mmoja hawezi kujiandikisha. African Journals Online haidai hata hiyo nywila kwa makala nyingi. Na hazina za tasnifu za vyuo vyetu ziko wazi: soma tasnifu mbili tatu zilizopita kwenye idara yako, uone jopo lenu limezoea nini. Marejeo yako yatunze kwenye Zotero, ni ya bure na inafanya kazi hata mtandao ukikatika, jambo ambalo huku kwetu si la kuuliza.

Kikao cha ana kwa ana kikilazimika, usikipange masika. Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara maeneo ya Somanga, kusini tukakaa bila njia ya magari ya kwenda Dar.

Nataka nikae zaidi kwenye mada yako, kwa sababu ndipo penye jibu la swali lako la mwisho. Wewe unauona umbali wako na chuo, huoni umbali wa chuo na utafiti wako. Mwanafunzi aliyeko Dar akitaka kuandika juu ya utoro wa msimu wa korosho, itambidi aje akae kwako.

Fikiria kalenda. Korosho zinaanza kuanguka kuelekea Septemba na Oktoba, minada inafunguliwa Oktoba, watu wanaokota hadi Desemba, kwingine Januari. Muhula wa pili wa shule uko ndani ya kipindi hicho hicho, na Novemba ndiyo mitihani ya taifa ya kidato cha pili na cha nne. Mtoto anayekosa wiki tatu za Oktoba amezikosa zile mwalimu anazorudia mada zote za mtihani. Hili halijitokezi mikoa isiyo na korosho, na kwenye wastani wa utoro wa mwaka linamezwa. Linaonekana tu ukihesabu wiki kwa wiki.

Utahesabu kwa nini? Umesema rejista. Wewe ni mwalimu, unajua kama ninavyojua kwamba zipo rejista zinazojazwa Ijumaa kwa wiki nzima. Ukizichukua zilivyo, utaandika tasnifu juu ya uvivu wa walimu ukidhani unaandika utoro wa wanafunzi. Zipime kwa kitu kingine: daftari la mwalimu wa zamu, orodha za waliofanya majaribio ya kila mwezi, idadi ya sahani kwenye shule zinazotoa chakula. Siku ambayo rejista inasema wapo 43 na majaribio yalifanywa na 29, umepata ukurasa mzima wa kuandika, na jopo litaona una jicho.

Kisha nenda kwenye chama cha msingi cha ushirika, yaani AMCOS. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani (mkulima hupeleka mzigo ghalani, hupewa stakabadhi, na mzigo huuzwa mnadani) uanze kwenye korosho, msimu wa 2007/08, AMCOS hupokea mzigo wa wakulima kwa kumbukumbu za maandishi, siku kwa siku, kilo kwa kilo. Omba jumla ya mapokezi ya kila wiki, bila majina ya wakulima. Weka mstari wa kilo zilizopokelewa kijijini juu ya mstari wa wanafunzi waliokosekana kwenye shule ya kata hiyo. Kama mistari hiyo inapanda pamoja, huna haja ya kubembeleza mtu akuamini. Kama haipandi pamoja, ni vizuri zaidi, kwa maana kila mtu amekuwa akiisingizia korosho. TANECU, ushirika wa Newala na Tandahimba, wako hapo hapo kwenu. Bodi ya Korosho makao yake ni Mtwara. Kituo cha Naliendele cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI) kina watu wanaoweza kukueleza kwa nini mwaka fulani msimu ulichelewa, ili usije ukalinganisha Oktoba mbili zisizofanana. Watafiti wa aina hiyo hupokea vizuri mwanafunzi anayekuja na swali moja lililonyooka. Anayekuja kuomba "data za korosho" hurudi na kipeperushi.

Vibali. Barua ya chuo inaelekezwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa, yeye anaandika kwenda wilayani na kwa Mkurugenzi Mtendaji, toka hapo kwa Mtendaji wa Kata na wakuu wa shule. Kila meza inabaki na nakala, hivyo toa nakala za kutosha kabla hujapanda gari kwenda Mtwara mjini. Kuwa mwajiriwa wa halmashauri hiyo hiyo hakukuondolei hatua hata moja. Barua iombe shule, vyama vya ushirika na wazazi, vyote kwa pamoja. Ukisahau AMCOS kwenye barua, utarudi mwanzo kwa ajili ya mstari mmoja.

Kuna jambo moja ambalo nina hakika jopo litakuuliza: unawahojije wanafunzi unaowafundisha? Mtoto anayejua kwamba wewe ndiye unayeshika kiboko na alama za mtihani hatakuambia alikuwa shambani kwa mtu anaokota kwa malipo. Atakuambia aliumwa. Shule yako iache, au itumie kwa rejista pekee, na mahojiano ya shule nyingine yafanywe na msaidizi asiyefundisha pale. Walio chini ya miaka 18 wanahitaji ridhaa ya mzazi na yao wenyewe. Majina yageuze namba siku hiyo hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika na haikumwacha mtafiti pembeni. Wazazi wahoji kabla mnada haujafunguliwa au mauzo yakishakwisha, na iwe jioni. Oktoba asubuhi utakuta nyumba na kuku.

Ukifanya hivyo, swali la digrii itakufikisha wapi linaanza kujijibu kabla hujavaa joho. Utakuwa umejua kutengeneza dodoso kwenye simu kwa KoboToolbox, ambayo ni ya bure na hukusanya hata pasipo mtandao. Mashirika yanayofanya tathmini za elimu na kilimo huku kusini huhitaji watu wenye ujuzi huo mara kwa mara. Utakuwa umejua kupanga namba za wiki mia moja kwenye jedwali na kuchora mchoro unaosomeka. Na utakuwa na kitu cha kumpelekea Afisa Elimu Sekondari: kurasa mbili za Kiswahili chepesi, mchoro mmoja, na pendekezo moja linalotekelezeka, mathalani kupanga upya ratiba ya marudio kwenye kata ambazo msimu unawahi. Tasnifu yenyewe hataisoma. Kurasa mbili atazisoma, na kikao cha wakuu wa shule kikija atakuita uzieleze. Mimi hapo napahesabu kuwa ndipo kujiendeleza kitaaluma kwenyewe, kuliko vyeti vya warsha ambavyo watu hukusanya mpaka bahasha ikapasuka.

Chapisha makala moja. Papers in Education and Development la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Huria Journal la Chuo Kikuu Huria ni majarida yanayopokea mambo ya elimu ya kwetu. Ukipata barua pepe inayokusifu na kukuahidi kuchapishwa ndani ya siku chache kwa malipo, ifute bila kuijibu. Kama huna uzoefu wa kuandika makala, AuthorAID hutoa mafunzo ya mtandaoni bila ada na huunganisha waandishi wachanga na walezi wa kitaaluma.

Na ukiitamani kazi ya chuo, jua mlango wake una kipimo kigumu. Matangazo ya nafasi ya mhadhiri msaidizi kwenye vyuo vya umma kwa kawaida hutaka wastani wa alama (GPA) wa 4.0 ya uzamili, na ya shahada ya kwanza isiyopungua 3.5, kwingine 3.8. Chukua nakala za matokeo yako leo uangalie uko wapi. Kama ya kwanza imepungua, tasnifu nzuri haitaibadilisha, na ni heri ujue sasa ili nguvu uzielekeze kwingine: ukufunzi wa vyuo vya ualimu, uthibiti ubora wa shule, ofisi za elimu za wilaya na mkoa, miradi.

Kama imetosha, uzamivu ukaanza kukuita, wafadhili wa nje kama mpango wa Commonwealth (Jumuiya ya Madola) au DAAD, shirika la ufadhili la Ujerumani, watataka pendekezo la utafiti na barua za wanaokufahamu kitaaluma. Barua ya kwanza itatoka kwa huyo huyo anayekuambia "nitaliangalia". Kwa hiyo kabla ya fomu ya maendeleo, tuma zile kurasa sita, mpe wiki mbili, mpigie. Fomu ifuate baada ya hapo, na nakala yake mtumie yeye kabla haijafika idarani.